Maswali ya Wasomaji: Misemo ya Kiingereza na Majibu Yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana ninayewaongoza watalii hapa Bagamoyo, hasa katika Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Nimeandika misemo mingi ya Kiingereza katika daftari, kila mmoja na maana yake ya Kiswahili pembeni, na yote nimeikariri. Juzi mgeni aliniuliza, "Do you mind if I take your photo?" Nikajibu kwa furaha, "Yes, yes!" Akashusha kamera na kuniomba radhi. Nilikosea wapi, na nifanye nini ili niitumie misemo hii kama wenyewe wanavyoitumia?
Mwongoza watalii, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Anayeuliza "Do you mind if" anataka kujua kama jambo hilo litakukera, kwa hiyo ulipojibu "Yes" ulimwambia kwamba litakukera, naye kwa adabu yake akaacha. Mwenye kuruhusu husema "No, not at all" au "No, go ahead". Daftari lako lisingeweza kukuonyesha hayo, kwa kuwa lilikupa maana ya msemo na kuishia hapo, ilhali mazungumzo huendelea. Ndiyo maana ninashikilia kwamba msemo usiandikwe kamwe bila sentensi, na ukiwa ni wa kuulizana au kuombana, uandikwe pamoja na jibu lake.

Faida ya sentensi huonekana zaidi ukiziweka mbili zinazofanana jirani. Chukua "Do you mind if I open the gate?" na "Would you mind opening the gate?" Katika ya kwanza atakayefungua ni msemaji mwenyewe, katika ya pili anaombwa mwenzake, na kitenzi kinapata "-ing" mwishoni. Vivyo hivyo, "Porters used to carry ivory to Bagamoyo" inasimulia desturi iliyokwisha, enzi misafara ya kutoka bara ilipokuwa ikifikia ukomo wake katika mji wenu, lakini "I am used to walking in the sun" inasema kwamba jua umelizoea mpaka leo. Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili miaka nenda miaka rudi, na sioni dawa nyingine isipokuwa kuzisoma sentensi hizo kwa sauti hadi sikio lizikatae zilizokosewa.

Chagua kwa makini unakozichota. Kuna mifano mingi iliyotungwa mezani, ambayo kisarufi haina kosa ila hakuna mtu anayeitamka. Kamusi ya COBUILD, iliyotoka mwaka 1987 kutokana na kazi ya John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ilichota mifano yake kutoka katika hazina ya maandishi na mazungumzo halisi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Siku hizi kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman husomwa bure kwenye intaneti. Tafuta humo "look forward to", usome mifano mitatu au minne, uangalie kinachojirudia: utaona "seeing you", "the trip", "hearing from you", na hutaona "to see you". Utagundua pia kwamba "I look forward to" hupendelewa katika barua, na "I'm looking forward to" katika maongezi.

Baada ya kusoma, tunga sentensi za kazi yako. "It takes about an hour to walk to Kaole" ni sentensi utakayoihitaji mara kwa mara, ukishaizoea, badilisha mahali na muda tu, kisha jizoeze na swali lake, "How long does it take?" Ongeza "Please watch your step" kwa ajili ya mawe ya magofuni. Misemo ya mapambo, kama "It's raining cats and dogs" (yaani mvua kubwa inanyesha), iache kwa sasa, kwani wenyewe hawaitumii sana.

Jizoezeni wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na msisahau jibu la kukataa. Siku mgeni akiomba kumpiga picha mtu asiyependa, "Yes" peke yake ingesikika kavu. Sema "I'd rather you didn't", naye ataelewa bila kuvunjiwa heshima.