Kalibu moja ya chubwi kwa nyavu, kamba ya ndoano na mshipi: chagua inayofaa wavu kwanza

Ndugu wa Usenge, hapo kando ya Ziwa Victoria, swali lako nimelisoma mara mbili. Una nyavu za ngege (tilapia) za inchi 5, una kamba ndefu ya ndoano za mbuta (sangara), na una mshipi wa mkono wa kutumia siku nyavu zikiwa zimeanikwa. Fundi amekuonyesha kalibu tatu za kusubia chubwi, yaani za kumiminia risasi iliyoyeyushwa ili upate vile vizito vya kuzamishia nyavu na ndoano: ya umbo la parachichi yenye kitanzi juu, ya umbo la yai, na ya bomba fupi lenye tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pesa zako zinatosha moja tu, na unataka itumikie kazi zote tatu.

Chukua ya bomba, na iwe ndogo, ya gramu 30 na kitu. Waliotangulia kujibu wamekushauri ile ya parachichi kwa kuwa ni nzito na inazama upesi. Ninaelewa wanatoka wapi, kwa sababu mimi pia nilianza na hiyo. Nikisema risasi hapa nina maana ya madini yenyewe. Ile ya bunduki ilirithi jina tu.

Nimesubu chubwi kwa miaka 13, na kabla ya hapo nilivua na mjomba wangu tukitokea ufuo wa Dunga, Kisumu. Kalibu yangu ya kwanza ilitoa chubwi za gramu 120 zenye kitanzi cha waya. Kwenye mshipi zilikuwa safi kabisa. Nikajiambia, basi hizi hizi zitafaa na wavu, nikafunga moja kila hatua tatu kwenye kamba ya chini. Tulitega jioni. Alfajiri tulipoanza kuvuta, kila kitanzi kilikuwa kimemeza macho mawili matatu ya wavu na kukaza, na gugumaji limejisokota hapo hapo. Mjomba hakunigombeza. Alikaa mbele ya mtumbwi na kisu kidogo, akawa anakata uzi mmoja mmoja ili wavu uachie, huku jua likipanda na ngege wachache tuliowapata wakianza kulegea. Siku tatu zilizofuata tulikuwa chini ya mti tunashona.

Tangu siku hiyo nikiulizwa kuhusu kalibu, nauliza kwanza: katika vyombo vyako, kipi hakisamehe? Mshipi unasamehe. Utaufunga chubwi, jiwe, hata nati ya gari, nao utashuka. Kamba ya ndoano nayo inasamehe kwa kiasi kikubwa. Wavu hausamehi. Unataka uzito mdogo, laini, usio na pembe wala kitanzi, uliopitiwa na kamba katikati, na uliosambazwa sawasawa ili kamba ya chini ilale bila kupanda na kushuka. Kwa hiyo wavu ndio unaochagua kalibu, vingine vinafuata.

Tena kuna jambo jepesi ambalo watu hulipita: chubwi ndogo zinajumlika, kubwa haigawanyiki ukiwa majini. Hapa ndani ya Ghuba ya Winam, karibu na Dunga, maji ni mafupi na chubwi moja ya gramu 33 inanitosha kwenye mshipi. Nikienda upande wa Rusinga na Mbita ambako kina kinaongezeka na maji yanasukuma, natunga tano kwenye kipande cha kamba, nafunga fundo chini, napata gramu 165. Zikinasa kwenye mwamba, mara nyingi lile fundo la chini ndilo linaachia, nami napoteza chubwi bila kupoteza ndoano. Yule mwenye parachichi la gramu 120 ana chaguo mbili tu, 120 au 240.

Sasa vipimo, kwa maana hapo ndipo fundi atakuuliza. Usianze na uzito, anza na tundu. Beba vipande vya kamba zako zote mpaka kwa fundi, upime ile nene kuliko zote. Kamba ya chini ya nyavu zangu ni ya milimita 6, kwa hiyo tundu langu ni milimita 7. Tundu likiwa pana kuliko mshipi wako mwembamba hakuna hasara, unaziba kwa kijiti au unaweka fundo na ushanga. Lakini likiwa jembamba kuliko kamba ya wavu, kalibu yote imekuwa bure, na kutoboa risasi iliyokwisha kusubiwa, moja moja, ni kazi ya kukuliza.

Kwa tundu la milimita 7, upana wa nje wa milimita 14 na urefu wa milimita 25 unatoa karibu gramu 33. Hesabu yake ni rahisi: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3. Ukuta unabaki milimita 3.5 kila upande, ambao unajaa vizuri. Ukienda chini ya milimita 2 risasi inapoa kabla haijafika chini, na unapata chubwi zenye mapengo.

Kuna aliyeuliza hapo juu kwa nini tusitumie mawe tu kama wazee. Mawe yana mahali pake, na nitayataja, lakini maji yanaiba uzito wa jiwe. Jiwe la gramu 100 likizama linabaki na nguvu ya gramu 62 hivi. Udongo wa kuchomwa unabaki na kama 50. Risasi ya gramu 100 inabaki na 91. Chuma kinabaki na 87, kwa hiyo mwenye vipande vya bomba la chuma vyenye tundu linalotosha asijione mnyonge, ingawa kutu itamla kamba. Kwenye kamba ya ndoano mimi naweka chubwi moja kila baada ya ndoano 10, na kwenye ncha mbili nafunga mawe ya kilo tatu au nne. Kuweka risasi pale nchani ni kuitupa ziwani.

Ukishaiona kalibu ya bomba, ifunge na uinue kuelekea jua. Ukiona mwanga kati ya vipande viwili, iache. Risasi itapenya hapo na kila chubwi itakuwa na ukingo mkali kama wembe, nao utakula wavu. Kile chuma cha kutengenezea tundu kiwe chembamba kidogo upande mmoja ili kitoke ukikigonga. Kikiwa sawa kote, risasi ikipoa inakikumbatia na utakivuta kwa koleo mpaka mikono iume. Angalia pia kama kuna mikwaruzo myembamba ya kutolea hewa kwenye uso wa ndani. Ya alumini inapata joto haraka na haichoshi mkono. Ya chuma inachelewa kupata joto, lakini inalitunza. Nimetumia zote, na kwa kazi ya jiko la makaa napenda alumini. Ya mashimo manne inatosha.

Risasi laini ndiyo inayofaa. Ikwaruze kwa ukucha: alama ikibaki, ni laini. Ya mabomba ya zamani na ya maganda ya nyaya kubwa za umeme ni nzuri. Vile vipande vya kubalansi tairi ni vigumu zaidi kwa sababu vimechanganywa na antimoni. Kwa mshipi sawa, lakini kwa wavu ambao tayari umefungwa kamba utataka kupasua chubwi upande mmoja kwa kisu, uivike, kisha uigonge ifunge, na ngumu itapasuka. Siku hizi pia vipande vingi vya tairi si risasi. Vingine ni chuma, vingine zinki, na vingi vimeandikwa Fe au Zn kwa herufi ndogo. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki kwenye 419. Ukipeleka moto taratibu, zinki inaelea na unaiopoa. Ukikazana kupuliza, inaingia ndani na sufuria yote inakuwa kama uji ulioshika, haijazi kalibu tena.

Betri za gari usiguse. Najua ndizo zinazopatikana kirahisi. Ndani mna asidi, na zile sahani zinatoa sumu zikiyeyushwa. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi. Watoto ndio wanaoumia zaidi, na hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Mimi nilianza kusubu nyuma ya jiko la mama, mtaani Nyalenda, Kisumu. Asubuhi moja alinikuta nakung'uta yale makapi ya kijivu yanayoelea juu ya sufuria, nayakung'uta pale pale kuku wanapodonoa na watoto wa dada yangu wanapochezea. Alichukua jembe, akachimba ule udongo wa juu wote, akanirundikia miguuni, akasema, "Mwanangu, hii kazi yako itoke hapa leo." Nilihama siku hiyo. Yale makapi ni vumbi la risasi, nayo ni hatari kuliko risasi yenyewe. Yatie kwenye kopo lenye kifuniko. Fanya kazi uwanjani, upepo ukitoka mgongoni kwako, mbali na kisima na watoto. Sufuria ya risasi isirudi jikoni kamwe. Kitambaa cha mdomoni hakizuii moshi wake. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ukiona uso wa risasi unang'aa rangi ya zambarau na dhahabu, moto umezidi, punguza makaa.

Na maji. Tone moja likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa mpigo na kurusha kila kitu juu. Nina kovu kwenye kigasha cha mkono wa kulia la asubuhi niliyotumia kalibu iliyolala nje usiku wa umande. Sasa naiweka kando ya jiko nusu saa kabla, naivukiza kwa mshumaa mpaka iwe nyeusi ndani, ndipo namimina. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu, na kitu cha kukinga macho.

Chubwi nne tano za kwanza zitatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado ina ubaridi. Zirudishe tu kwenye sufuria. Zikianza kutoka nyororo na zenye kung'aa, pima moja kwenye mizani ya duka, uipitishe kwenye kamba yako nene. Kabla ya kulipa, mwombe fundi amimine mbele yako na ufanye jaribio hilo hilo. Ikikwama, mwambie abadilishe kile chuma cha tundu pale pale, ni kazi ya dakika chache kwake.