Samaki wa mapambo wanaovuliwa kwa sumu: je, kipato chake ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mzamiaji. Nakamata samaki wa rangi na viumbe wengine wa kwenye matumbawe, na tajiri anawasafirisha nje kwa watu wanaofuga majumbani kwenye matangi ya kioo. Wengi wetu tunatumia dawa kuwalewesha. Kaka yangu alikuwa kazi hii hii, akapanda juu haraka kutoka kilindini, sasa amepooza miguu na mimi ndiye ninayemlisha yeye na wanawe. Mhadhiri mmoja ametuambia tusiwe na wasiwasi: vya baharini vyote ni halali, na ikiwa kumuua samaki na kumla kunafaa, kumfuga akiwa hai kunafaa zaidi. Mwingine amesema pesa yetu yote ni haramu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah amponye kaka yako na akulipe kwa kumbeba yeye na wanawe. Swali lako limeninyima raha, kwa sababu jibu la huyo mhadhiri nimelisikia mara nyingi, na watu hulipokea kwa kuwa limevishwa aya.

Hukumu kwanza, usije ukasubiri. Kumfuga samaki kwa kumtazama asili yake ni ruhusa. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto Abu Umayr na kindege chake cha kuchezea, asimkataze, na wanazuoni wengi wamechukua hapo ruhusa ya kufuga. Ukimkamata samaki kwa wavu wa mkono bila kuvunja tumbawe, akawa wa aina inayoweza kuishi tangini, ukachukua kwa kiasi na kwa idhini ya sheria, basi kazi yako ni halali na pesa yake ni halali. Aliyekwambia yote ni haramu amepitiliza. Lakini sumu ni haramu, na kumkamata kiumbe unayejua kwamba atakufa njaa ndani ya kioo ni haramu vilevile.

Sasa turudi kwa mhadhiri. Aya aliyoisoma ni ya 96 katika Suratul Maida, nayo inazungumzia windo la mtu aliye katika ihramu, yaani hali ya ibada ya hija au umra: la baharini ameruhusiwa, la nchi kavu amezuiwa. Inatueleza kilicho halali. Namna ya kukichukua inatafutwa kwingine, na tunayo hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahih Muslim: Allah ameandika wema katika kila kitu, hata mnapochinja, chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake. Mnyama anayekufa sasa hivi bado ana haki ya kisu kikali. Vipi aliye baharini akose haki yoyote?

Huo usemi wake wa pili, kwamba kufuga ni kwepesi kuliko kuua, ndio unaowapoteza wengi zaidi. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliadhibiwa kwa kufunga: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie chakula mpaka akafa. Madhara yalikuwa ndani ya kule kufuga kwenyewe. Wewe unayajua kuliko mimi. Samaki akitolewa kilindini kwa haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba, pengine matumbo yanasukumwa kuelekea mdomoni, na wapo wanaomdunga sindano ubavuni kutoa ile hewa. Kisha ananyimwa chakula kabla ya safari ili asichafue maji ya mfuko, anafungwa kwenye plastiki yenye maji kidogo na hewa, anaingizwa boksini. Samaki wa kitoweo kwa kawaida hapitii hayo yote. Na akifika salama, je? Wapo vitatange ambao chakula chao ni matumbawe hai peke yake. Ukimweka huyo kwenye tangi lisilo na matumbawe ya kula, umerudia kisa cha paka herufi kwa herufi, hata kama tangi ni zuri na taa zake zinapendeza.

Kuhusu sumu. Mtindo huu ulianzia Ufilipino miaka ya 1960 na huko umekatazwa kisheria, lakini umeenea nchi nyingi. Vidonge vya sianidi vinasagwa, vinachanganywa na maji ya bahari kwenye chupa, kisha mzamiaji anaikamua ndani ya mwanya wa jiwe. Samaki anayumba, anashikwa kwa mkono. Akiwa amejificha ndani zaidi, tumbawe linavunjwa. Yale yaliyopata sumu hupauka na kufa, pamoja na wadogo wengi ambao hakuna aliyewataka. Allah anakataza kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa, na anatutajia ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa iliyoyachuma mikono ya watu. Sijui ni ufisadi gani mwingine wa baharini tunaousubiri ndipo tukubali kwamba aya hii inatuhusu.

Tena kuna jambo ambalo mhadhiri hakuligusa kabisa: mnunuzi. Samaki wa sianidi anaweza kuonekana mzima sokoni, rangi zake zote zipo, kisha akafa baadaye nyumbani kwa mtu kwa sababu sumu imeshamharibu ndani. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akasema anayetughushi si katika sisi. Aliyeficha unyevu wa nafaka kaambiwa hivyo. Anayeficha sumu ndani ya mwili wa kiumbe hai ajipime.

Na wewe unayenunua usidhani umesalimika. Wengi wa samaki wa maji baridi wanaouzwa wamezalishwa na wafugaji, lakini wa matumbawe wengi wao wangali wanatolewa baharini. Uliza. Yupo samaki mdogo wa visiwa vya Banggai, Indonesia, ambaye dume hubeba mayai na watoto mdomoni, na kwa asili hapatikani kwingine. Wavuvi walimchota hata mwaka 2007 akaorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, ilhali anazaa vizuri akifugwa. Nikimfikiria huyo namkumbuka yule ndege aliyepapatika baada ya Maswahaba kuchukua makinda yake, na Mtume akaamuru arudishiwe.

Mwanangu, pesa uliyokwisha kula kwa kumwamini aliyekupa fatwa, usijitese nayo. Tubu, acha chupa ya sumu kuanzia leo, na haki za watu unazozijua zirudishe. Mwambie tajiri wazi kwamba utaleta samaki wa wavu tu. Watakuwa wachache, lakini hawatamfia njiani kwa sumu, na hilo nalo ni hoja ya biashara anayoweza kuielewa. Farasi-bahari na matumbawe magumu usiyaguse bila kibali, maana biashara yake baina ya nchi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Waulize maofisa wa uvuvi kuhusu kuotesha vipande vya matumbawe, kama wanavyofanya Indonesia kwa soko hilihili. Katika kazi hiyo zipo shughuli za mikono zinazofanyika mtu akiwa ameketi, na kaka yako ana macho na ujuzi wa miaka.

Tajiri akikukatalia, ondoka kwake. Ikiwa unadaiwa, lipa kidogokidogo. Deni halihalalishi sumu, na waumini wa msikiti wako wana wajibu juu ya nyumba yenye mlemavu na watoto. Nenda kwa imamu wako, usione haya, mwonyeshe barua hii.

Allah amesema msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo. Kwa hiyo unapozama, panda polepole, hata kama wenzako wanakuita juu na samaki wa tajiri wanakufa mkononi mwako.

Wallahu aalam.