Thredi imekufa, logi iko kimya: maswali yenu ya Java

Shikamoo mwalimu. Nimezungushia thredi.start() try na catch ndani ya main, lakini eksepsheni (kosa linalorushwa programu ikiendeshwa) haidakwi. Nakosea wapi?

Marahaba. start() inaanzisha thredi (mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine) na kurudi papo hapo. run(), yaani kazi ya thredi hiyo, inaendeshwa kwenye staki (mlolongo wa miito) yake yenyewe, na catch uliyoiweka main inalinda staki ya main tu. Eksepsheni isipodakwa ndani ya run(), thredi hiyo inakufa, maelezo yanachapwa kwenye System.err, na main inaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo daka ndani ya run(). Kwa zitakazokuponyoka, weka hendla (msimbo unaoitwa eksepsheni isipodakwa) kwa Thread.setDefaultUncaughtExceptionHandler, iliyopo tangu Java 5. Hendla hiyo iandike logi tu, isijifanye kutibu.

Hendla nimeweka. Natumia ExecutorService (bwawa la thredi linalopokea kazi), kazi haikamiliki na logi haina hata mstari mmoja!

Bila shaka unaita submit(). Hebu tazama:

bwawa.submit(() -> Integer.parseInt("12,500"));

Ile koma inazaa NumberFormatException, ila submit() inaifungia ndani ya Future (kifurushi cha jibu litakalokuja), na hendla yako haiioni kamwe. Haitoki mpaka mtu aite get(), nayo itatoka imevikwa ExecutionException. Kosa lenyewe lichukue kwa getCause(). Badilisha submit iwe execute, uone kelele zitakavyoanza. Wengi wanaita submit() na kuitupa Future bila hata kuiweka kwenye kigeu. Kama huna haja na jibu, execute() inakutosha.

Balaa zaidi ni scheduleAtFixedRate, inayorudia kazi kila baada ya muda maalumu. Kazi ikirusha eksepsheni mara moja tu, mizunguko yote inayofuata inafutwa, tena kimyakimya. Ripoti ya kila saa inakoma usiku wa manane, na mteja ndiye anayekupigia simu asubuhi. Mimi si shabiki wa catch (Exception e), lakini hapa izungushie kazi nzima, na uandike logi.

InterruptedException naiachia catch tupu. Kuna ubaya?

Upo. Inaporushwa, alama ya kuikatiza thredi inakuwa imeshafutwa. Ukinyamaza, kitanzi chako hakitajua kimeambiwa kisimame, na shutdownNow(), amri ya kusimamisha bwawa, itakuwa imeita bure. Andika Thread.currentThread().interrupt(), kisha toka.

Eksepsheni ikitokea nimeshika lock (kufuli linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati), je?

synchronized inaachia yenyewe. Kwa ReentrantLock, lock unayoiachia mwenyewe, unlock() ikae kwenye finally. Ila kuachia lock hakurekebishi data: kama umeshapunguza salio la mtumaji na hujaongeza la mpokeaji, thredi inayofuata itakuta hesabu mbovu.

Nahamia C++. Mambo ni yale yale?

Hapana. Eksepsheni ikivuka mpaka wa std::thread bila kudakwa, std::terminate inaitwa na programu nzima inaanguka. Mimi naona ni afadhali hivyo kuliko ukimya wa Java. Ukitaka kosa limfikie anayesubiri jibu, tumia std::async: get() ya std::future inalirusha upya kwa aina yake ileile, bila kuvikwa chochote.