Lenzi ya Mrusi kwenye kamera ya Mjapani, kabla hujaagiza soma hapa kwanza

Jana usiku kuna dogo kanitumia meseji, "kaka ile lenzi ya Helios imefika leo, nimefunga na adapta inakaa vizuri kabisa, ila nikibonyeza kamera haipigi, nimepigwa?" Hujapigwa mdogo wangu. Sony ikiona hakuna lenzi inayoongea nayo inaamini haijavalishwa lenzi kabisa, inagoma. Ingia kwenye menyu tafuta "Release w/o Lens", weka Enable, kwisha habari. Ukitoka hapo nenda SteadyShot, toa Auto weka Manual, halafu iambie kamera lenzi yako ni ya milimita ngapi, chagua namba iliyo karibu na 58, maana usipoiambia haitajua itulize mtikisiko kiasi gani. Na usishangae ukiona imeandika F-- pale chini, itaandika hivyo hivyo maisha yako yote, lenzi haina umeme.

Basi nimeona niandike moja kwa moja hapa, maana tangu nirushe zile picha za wazee wa Pangani inboksi yangu imejaa, na karibu wote mnauliza kitu kimoja, lenzi gani, lenzi gani. Jina la lenzi ndilo mnalotaka. Nitawapa majina, lakini jina ndiyo sehemu ndogo kuliko zote kwenye hii biashara, na mtu akikuuzia jina ujue umeuziwa hadithi.

Kwanza tuelewane inawezekanaje. Kila kamera ina umbali wake kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Lenzi za skrubu za M42, ndio hizi Helios, Takumar, Pentacon na ndugu zao, zilitengenezwa kwa umbali wa milimita 45.46 kwa sababu kamera za enzi hizo zilikuwa na kioo ndani kinachoruka kila ukipiga na kioo kinataka nafasi. Mirolesi, hizi kamera za kisasa kama Sony yako, haina kioo. Sony E ni milimita 18, Nikon Z ni 16, Canon RF ni 20, na ile tofauti, kwa Sony ni milimita 27 na nusu hivi, ndiyo urefu wa adapta yako, hakuna uchawi mwingine. Adapta ni bomba la chuma, tupu ndani. Ukiona mtu anakuuzia ya M42 kwenda Sony ina kioo cha lenzi ndani muulize vizuri, maana zipo zile za kubana picha kwa ajili ya sensa ndogo, hizo ni habari nyingine na bei nyingine, lakini kama siyo hiyo basi kioo hicho kinakuharibia picha bure. Wenye Nikon za DSLR, zile zenye kioo kinachoruka, ndio walioteseka na vioo vya namna hiyo, maunti yao ya F, yaani pale lenzi inapofungwa, ni milimita 46.5, imeizidi hata M42 yenyewe, ukifunga Helios bila kioo cha kusahihisha unapiga vitu vya karibu tu, vya mbali vyote ukungu.

Mimi Helios yangu sikununua, nilipewa. Kuna mzee Tanga, Chumbageni kule, alisoma uhandisi Moscow enzi zile serikali inapeleka vijana Urusi kwa mafungu, na wengi wao walirudi na kamera. Nilikuwa nimeenda kumpiga picha ya kitambulisho cha ukoo, wale wana mkutano wa ukoo kila mwaka, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaiangalia Sony yangu akacheka. "Hako kadogo hivyo kanapiga?" Akaingia ndani akatoka na Zenit-E kwenye ala yake ya ngozi, pale mbele ina nembo ya Olimpiki ya Moscow 1980, ngozi inanuka kabati lililofungwa miaka. Nikamuuliza alikuwa anapiga nini na hiyo kamera, akasema "theluji, mwanangu, kulikuwa na kitu gani kingine cha kupiga?" Kamera ilikuwa imekufa, shata haishuki. Lenzi nikamulika na tochi ya simu, safi. Akasema chukua.

Kwa hiyo kabla hujakimbilia kuagiza nje waulize wazee wako. Bara hapa kuna Zenit nyingi kwenye makabati, na Unguja nako Wajerumani wa Mashariki walijenga hadi maghorofa baada ya Mapinduzi, ukikuta Praktica, kamera yao, na lenzi yake kwenye nyumba ya mtu usishangae.

Helios 44-2 yenyewe ni 58mm f/2, na asili yake siyo Urusi, ni Biotar ya Carl Zeiss Jena, Wasovieti wakaichukua baada ya vita wakaanza kuitengeneza Krasnogorsk nje ya Moscow, baadaye na viwanda vingine. Walitoa nyingi mno ndiyo maana bado zinapatikana. Ina ringi mbili za apecha, lile tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi, ya kwanza unaweka kikomo, tuseme f/4, ya pili unaizungusha kufungua na kufunga bila kusikia tk tk yoyote, watu wa video wanaipendea hapo. Unafokasi ikiwa wazi kwenye f/2, unaona vizuri, halafu unaizungusha ringi ya pili mpaka igote kwenye kikomo, unapiga. Mkono ukizoea macho hayatoki kwenye kamera.

Sasa ule mzunguko wa nyuma, yaani nyuma ya mtu panavyoonekana kama panazunguka, ambao ndio mnaoutaka wote. Hautokei tu kwa sababu umefunga Helios! Weka mtu katikati ya fremu, mita moja na nusu hivi kutoka kwako, f/2, na nyuma yake mita kadhaa kuwe na mti wenye majani yanayopitisha mwanga kwa matundu matundu. Mwarobaini mzuri sana, mkungu pia. Yale matundu ya mwanga katikati yanabaki duara lakini ukisogea pembeni mwanga unakatwa na mwili wa lenzi yanakuwa na umbo la tende, na tende zote zinalala kuizunguka picha. Ukimpiga mtu mbele ya ukuta mweupe utapata ukuta mweupe. Na kama kamera yako ni sensa ndogo ya APS-C, pembeni kwote kunakatwa na 58 yako inakuona kama 87, kwa hiyo mzunguko karibu wote umebaki nje ya picha, usije ukanilaumu.

Niwaambie kitu ambacho bado kinaniuma, niseme ukweli. Kuna kampuni moja ya kupiga harusi hapa Dar, sitaitaja, nilikuwa napiga nao kazi za wikiendi. Siku moja tuko kwenye sendofu, maharusi hawajafika, nikafunga Helios nipige wale mama wa upande wa bwana harusi walivyokaa na vitenge vyao, mwanga wa dirishani unawaangukia vizuri. Bosi akaja akaichomoa kamera mkononi mwangu, akainyanyua juu mbele ya timu nzima na wale mama, "jamani huyu ametuletea darubini ya babu yake, wateja wamelipa milioni ngapi huyu analeta makumbusho?" Watu wakacheka. Mama mmoja akacheka mpaka akafuta machozi. Zile picha za wale mama sikuruhusiwa hata kuzihariri, na wikiendi iliyofuata sikupigiwa simu, wala iliyofuata.

Mwezi uliopita hoteli moja ya Unguja imenunua picha za wazee wa Pangani kwa ajili ya kuta zao, zimechapwa kubwa, mita moja kwa mita moja na nusu, na zote, nasema zote, ni Helios ile ile ya theluji. Meneja wao aliniuliza natumia kamera gani, nikamwambia Sony A7 II, ya 2014 hiyo, akanyamaza kidogo akadhani namficha. Sisemi kitu. Ila kama bosi anasoma hapa, salamu.

Na hapa ndipo vijana mnanielewa vibaya. Mnaona picha mnasema ni lenzi. Wale wazee nilikaa nao barazani, nimekunywa kahawa chungu mpaka moyo unadunda, nimesikiliza habari za majahazi na za mkonge, mpaka wakaacha kuniona mimi ni mtu wa kamera. Nyie mnataka ufike, upige, urushe, upate laiki kabla betri haijashuka. Lenzi ya mkono haiwezi hiyo haraka, na kusema kweli sioni sababu ikuvumilie. Ukiwa na roho ya haraka nunua otofokasi, hakuna dhambi, kila mtu na riziki yake, lakini usiniletee malalamiko kwamba Helios haiko kali wakati hujakaa nayo.

Halafu nikubali pia, kwa harusi yule bosi hakukosea kitu, alikosea mdomo tu. Bi harusi anaingia ukumbini anatembea, taa za MC zinageuka rangi, watoto wanapita mbele, pale lenzi ya mkono kwenye f/2 ni kujitafutia kesi. Mtu akikaa mita 1 na kidogo kutoka kwako eneo lililo kali ni sentimita 5 hivi tu, akiinama kusalimia tayari ametoka. Mimi mwenyewe kwa mpira, harusi na watoto wanaokimbia natumia otofokasi, nani anataka kujiua.

Kwa mtu aliyekaa sasa. Ile fokasi pikingi, zile rangi zinazowaka pembeni ya vitu, inadanganya ukiwa umefungua sana, inawasha pua, kope na ukosi wa shati vyote pamoja ukafikiri umemaliza. Weka kitufe kimoja cha kuzumu, cha kidole gumba, zumu kwenye jicho la karibu na wewe, fokasi hapo, halafu acha ringi. Usiiguse tena. Mtu akisogea kidogo sogea wewe na mwili wako mbele au nyuma, piga tatu nne mfululizo, moja itakuwemo. Na usiachie kamera ikuchagulie spidi ya shata, inaweza kukupa 1/60 mtu anapumua picha inatikisika, mimi nakaa M, yaani napanga mwenyewe, 1/200, ISO, ule usikivu wa sensa kwa mwanga, naiacha otomatiki.

Jua likigonga kioo cha mbele picha inapauka yote, koti la vioo vya zamani, ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao, siyo la leo. Tafuta hudi, kile kikinga jua cha mbele, ya uzi wa 49mm, ya raba inatosha, au weka kiganja. Wakati mwingine huo mpauko ni mzuri, saa kumi na mbili jioni ufukweni uachie.

Majina niliyoahidi. Helios 44-2 kama unataka mzunguko. Ukikuta 44M ya mwanzo ina swichi ya A na M, otomatiki na mkono, weka M. Zile zilizofuata kuanzia 44M-4 hazina swichi, zina pini nyuma, unahitaji adapta yenye ukingo ndani wa kuibana pini, bila hivyo apecha haifungi na utahangaika kutafuta kosa kwenye kamera. Super Takumar 50mm f/1.4 kama unataka ngozi ya mtu iwe laini, ila nyingi zimegeuka njano kwa sababu kioo chake kimoja kina thoriamu, ndiyo, ina mionzi, kidogo, ukiitumia kama lenzi haina shida usiifungue tu ukaanza kusugua vioo. Njano hiyo jua linaiondoa, iweke dirishani siku kadhaa chini yake ukiwa umetandika foili, usiiache juu ya pazia au karatasi, lenzi ni lenzi, itawasha moto. Na Nikkor 105mm f/2.5, yule binti wa Afghanistan wa jalada la National Geographic la Juni 1985 Steve McCurry alimpiga na hiyo, lakini hiyo ni maunti ya Nikon, adapta yake nyingine.

Adapta usichukue ile ya bei ya chini kabisa. Ikicheza hata kidogo kwenye maunti upande mmoja wa picha hautakuwa mkali. Na nyingi zinakatwa fupi kidogo makusudi ili fokasi ipite mbali, kwa hiyo ile alama ya infiniti, ya umbali usio na mwisho, usiiamini, ukipiga mwezi zumu uone kwa macho.

Kubwa kuliko yote kwa sisi wa pwani ni fangasi. Ukikutana na muuzaji fungua lenzi mpaka mwisho, washa tochi ya simu upande wa nyuma, angalia kwa pembeni siyo moja kwa moja. Vumbi achana nalo, halionekani kwenye picha. Unatafuta nyuzi nyuzi zilizotambaa kutoka ukingoni, hiyo ni fangasi, na hata ikisafishwa inaweza kuwa imeshakula koti la kioo. Mkwaruzo mdogo wa mbele vumilia, wa nyuma acha. Zungusha ringi ya fokasi yote, ikiwa ngumu sehemu moja na laini sehemu nyingine grisi imekauka, punguza bei au ondoka.

Ukishanunua ile ala nzuri ya ngozi inayokuja nayo tupa, ngozi inashika unyevu, fangasi wanazaliana humo. Dar na Tanga kabati la nguo siyo mahali pa lenzi. Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu, kikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya buluu ikigeuka pinki imeshiba maji, ikaange kwa moto mdogo dirisha likiwa wazi mpaka irudi buluu, na hicho kikaango usije ukakaangia mayai tena, ile rangi ni sumu.