Chupa Inayolia Msituni

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Rau, hapa Moshi. Nimeanza kuwatembeza wageni kwenye msitu wetu wa Rau kuangalia mbega na ndege. Nilinunua chupa ya chuma ya lita moja, nzuri tu, naining'iniza nyuma ya begi kwa kulabu. Tatizo ni kelele. Juzi mgeni mmoja mpenda ndege aliniambia nasikika kama mbuzi aliyevishwa kengele, na kweli tulipofika mbega walikuwa wameshahamia miti ya mbali. Nikiiweka ndani ya begi, naona tabu kulivua kila mara, nashinda na kiu mpaka kichwa kinauma. Ninunue chupa gani?
— *Kijana wa Rau, Moshi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka pesa yako mfukoni kwanza. Chupa yako haina kosa, mwenye kosa ni hiyo kulabu.

Siku hizi kila kijana anayeongoza wageni anataka kulabu ya rangi, na kila kitu kinaning'inia: chupa, kofia, kikombe, funguo. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Lakini lita moja ya maji ni kilo nzima, hapo hujaweka chuma chenyewe. Kilo hiyo ukiifunga sehemu moja tu, kila hatua inakwenda kushoto na kurudi kulia, inagonga bizimu za mikanda, na wewe unajikuta unatembea upande bila kujua.

Leo jioni fanya hivi. Jaza maji, vaa begi, zima redio, halafu ruka papo hapo chumbani. Sikiliza. Kisha shika kitu kimoja kimoja kwa mkono, chupa, zipu, bizimu, kitanzi cha kizibo, na kila ukishika uruke tena. Kelele ikikatika umemkamata mwizi. Mara nyingi hata si chupa, ni kile kitanzi cha kubebea kilicho juu ya kizibo, kinachapa shingo ya chupa tik, tik, tik. Kizungushie plasta au uzi wa pamba, basi, kimekwisha.

Chuma chenyewe kinataka nguo. Nenda Memorial, kwenye mitumba, utafute soksi ndefu ya mpira wa miguu. Moja inatosha, hata iliyopoteza mwenzake, na hiyo muuzaji atakupa kwa bei ya maneno. Ivike chupa, ukunje sehemu ya juu mara mbili iwe nene pale shingoni. Ukitoka hapo pitia kwa fundi baiskeli, umwombe mpira wa ndani uliokwisha kazi, akukatie pete mbili zenye upana wa vidole viwili. Moja ikae juu ya soksi karibu na shingo, nyingine karibu na kitako. Raba inang'ang'ania, haitelezi, na ukipitisha kamba chini yake unapata mahali pa kufungia.

Sasa mahali pa kuiweka. Sisi wagumu, tuliobeba mizigo ya watu mlimani, hilo tulilijua kwa mgongo kabla ya kuambiwa na mtu: mzigo uliogusana na mwili unakwenda na wewe, uliojitenga unakuvuta nyuma. Chupa kubwa iingie ndani ya begi, wima, iguse mgongo kati ya mabega, na sweta izibe nafasi za pembeni isije ikayumba. Ya kunywa iwe nyingine, ndogo, ya nusu lita, mbele kwenye mkanda wa bega, usawa wa kifua. Hapo unakunywa huku unatembea na kichwa hakiumi. Ila ifungwe sehemu mbili, shingoni na kitakoni. Ukiifunga sehemu moja umerudi kwenye kulabu.

Kifuko chake usinunue. Chukua mguu wa jinzi kuukuu, mpelekee fundi cherehani. Mwambie kitako kishonwe mara mbili, juu apitishe kamba ya kukaza, na mgongoni aweke vitanzi viwili vya kupitisha mkanda wa begi. Na chupa umwachie aipime. Ukimweleza kwa mdomo tu, utakuta kifuko cha kuingia chupa ya chai.

Imebaki sauti ya maji yenyewe, ambayo soksi haiizuii. Maji hucheza kwa sababu ndani mna hewa. Chupa iliyojaa hadi mdomoni imenyamaza, na iliyokauka vilevile. Inayopiga kelele ni ile ya nusu. Ndiyo maana mimi napenda chupa ndogo mbili au tatu kuliko kubwa moja: unaimaliza ya kwanza ndipo unaigusa ya pili, kwa hiyo muda wote inayoongea haizidi moja. Na mkikaribia mahali pa kusimama kimya, malizeni kabisa maji ya zile mlizokwisha kufungua, wewe na wageni wako, kabla hamjafika, si mkiwa tayari chini ya mti wenye mbega.

Wageni wengine watakuonyesha mfuko laini wenye mrija. Kwa ukimya ni mzuri, tena unalala vizuri mgongoni, ila wengi hawautoi hewa. Ujaze, ufunge, ugeuze juu chini, kisha vuta kwa mrija mpaka hewa iishe na maji yaanze kuja. Kwa Rau unafaa sana. Siku ukipanda Mlima Kilimanjaro, usiutegemee ule usiku wa kwenda kileleni: ukishaiacha kambi ya Barafu, mrija unaweza kuganda kabla hujaiona Stella, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele. Kule beba chupa nene iliyovikwa soksi, uiweke kichwa chini, maana maji huanza kuganda upande wa juu, na mdomo unabaki salama.

Zile chupa nyembamba za dukani ziache nyumbani. Ukiminya kidogo zinalia kra-kra, na kwenye Hifadhi ya Kilimanjaro haziruhusiwi kuingia hata hivyo.

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mama wa Sakina, Arusha. Daktari amenishauri nitembee kila asubuhi kwa sababu ya presha, basi natoka alfajiri na majirani. Chupa nikiishika, mkono unachoka. Nikiiweka kwenye pochi, bega linauma. Na begi la mgongoni silitaki, nitaonekana mwanafunzi.
— *Mama wa Sakina*

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongera kwa kuamka. Kanga unayo. Ikunje kwa urefu wake mpaka iwe ukanda wenye upana wa shubiri moja. Weka chupa katikati, ifunike kwa ukanda huohuo, sokota kila upande mara mbili ili chupa isichomoke. Upande mmoja uupitishe juu ya bega, mwingine chini ya kwapa la pili, na fundo likae kifuani, ambapo unaweza kulilegeza bila kuvua. Chupa inalala ubavuni, chini ya kwapa, haichezi. Ndugu zetu Wamaasai hubeba vibuyu vyao kwa mkanda wa ngozi begani, na sijawahi kusikia kibuyu kikilia njiani.

Kwa kuwa chupa imelala, kizibo lazima kiwe cha kuaminika. Ijaze, ilaze juu ya gazeti usiku kucha, asubuhi uliguse gazeti.

Lakini nikuambie la moyoni: kama matembezi yenu hayafiki saa nzima, kwa baridi ile ya alfajiri ya Arusha, kunywa glasi yako nyumbani na uende mikono mitupu, isipokuwa daktari awe amekuagiza vingine.

SWALI: Chupa yangu ya chuma inanuka hata nikiiosha kwa sabuni na maji ya moto. Nifanyeje?
— *Msomaji wa Majengo, Moshi*

JIBU: Harufu imo kwenye ile raba nyeusi ndani ya kizibo. Ichomoe kwa ncha ya kisu, iloweke usiku mzima kwenye maji na magadi ya kuokea, ioshe, ianike mbali na kizibo mpaka ikauke. Kama uliwahi kuwekea maziwa mtindi humo, tafuta raba nyingine.