Kabla hujaupinga wosia mahakamani

Wosia ukisomwa na jina lako halimo, neno la kwanza kukutoka mdomoni ni "wameughushi". Kwetu Moshi lilitamkwa hata tanga halijaanuliwa. Kaka mkubwa, aliyeutoa wosia wa baba kwenye begi lake, akasimama akaondoka, na kikao cha ukoo kikafia hapo. Ninachowashauri wanaonipigia simu kuuliza ni hiki: hilo neno liweke akiba. Kughushi ni jinai, na ukilipeleka hata kwenye kesi ya madai, mahakama inakudai ushahidi mzito kuliko ule wa madai ya kawaida. Mara nyingi wosia huanguka kwa mambo mepesi kuliko hayo.

Anza kwa kuomba nakala kamili, siyo picha ya ukurasa mmoja iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kisha hesabu mashahidi. Hapa Tanzania, kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, zinataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika. Kama hajui, wawe wanne. Mrithi hashuhudii wosia unaompa mali. Na ukimnyima mrithi, sababu lazima itajwe. Baba yetu alikuwa hasomi. Chini ya karatasi ile palikuwa na dole gumba la wino wa bluu na sahihi mbili tu, zote za watu wa ukoo.

Mashahidi wenyewe waachie mahakama iwasikilize, usiwafuate majumbani kugombana nao. Wa kwanza wetu alisema waliandika usiku, sebuleni. Wa pili akasema mchana, nje, chini ya mparachichi. Hakimu alimrudishia swali lile lile, akaandika jibu polepole, na kaka akainamisha kichwa.

Jambo jingine ni hali ya mzee siku alipoweka alama. Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliukataa wosia wa Agosti 2017 uliotajwa kuwa wa mfanyabiashara maarufu, marehemu Dk. Reginald Mengi, na kati ya hoja zilizopimwa ni afya yake wakati huo na watoto wake kunyimwa urithi. Kwa hiyo kama mzazi alikuwa amelazwa au alishapatwa na kiharusi, tafuta kadi za kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitali mapema. Zikikaa zinapotea, na daktari hatakumbuka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojikwaa, hasa sisi mabinti. Ukiuangusha wosia, mali hairuki kuja mkononi mwako. Inagawanywa kama ya mtu aliyekufa bila wosia, na swali linakuwa kwa sheria ipi. Kwa kanuni zile zile za 1963, binti yuko daraja la tatu, la mwisho kwa ukubwa wa fungu, na mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake; anatakiwa atunzwe na watoto. Marehemu Mkristo aliyeishi nje ya mila anaweza kuangukia sheria ya urithi ya India ya 1865, ambayo bado tunaitumia: mjane theluthi moja, watoto wote sawa kwa zinazobaki. Lakini huko mashahidi wawili wanatosha hata kwa mtu wa dole gumba, kwa hiyo hoja yako nzuri ya mashahidi wanne inakufa. Na kesi yenyewe haiwi ya Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ile husikiliza mirathi ya mila na ya Kiislamu. (Kwa Waislamu hesabu ni nyingine: wosia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie.) Piga hesabu ya pande zote mbili na wakili kabla ya kujaza fomu yoyote.

Sisi tuliushinda wosia, na mdogo wangu akauliza palepale nje ya mahakama: "Haya dada, sasa sisi tunapata nini?" Tulirudi kwa kaka. Shangazi ndiye aliyetuweka meza moja. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kikabaki kwa kitinda mimba wa kiume, nyumba ya mjini ikawa ya mama, na makubaliano tukayaandika, kila mmoja akasaini, yakapelekwa mahakamani.

Wakati kesi inaendelea, linda mali. Kiwanja chenye hati kiwekee zuio kwa Msajili wa Hati. Kisicho na hati, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na ubaki na nakala yenye mhuri. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Na msimamizi wa mirathi akishateuliwa, yeyote yule, ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na Namba 6 ya hesabu. Nenda masijala ukaombe kuziona, maana mashine ya kahawa ya baba tuliikuta haimo kwenye orodha.