Podikasti ya wanawake na kazi Kampala: muulize mgeni "ulifanyaje", siri ya mafanikio iache

Dada uliyeuliza, salaam. Unasema umeshanunua maikrofoni, jina la kipindi unalo, na unataka kufungua na mbunge, mkurugenzi wa benki na wakili mashuhuri, ila hujui utawapataje. Ukataja pia, kwa kupita tu, kwamba dada yako mkubwa ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mimi ni Mnubi wa Bombo, naishi Kampala, na huu ni mwaka wa nne naendesha kipindi kama hicho kwa Kiswahili. Hao wakubwa ningekuomba uwaache kwanza.

Vipindi vyangu vinane vya mwanzo vilikuwa vya watu wa namna hiyo. Namuuliza mgeni siri ya mafanikio yake, ananijibu: kumtanguliza Mungu, nidhamu, kutokata tamaa. Ni kweli yote. Lakini binti anayeshika daftari la mauzo kwenye duka la jumla Kikuubo akizima simu anabaki pale pale alipokuwa. Siku moja msikilizaji, keshia wa supamaketi, alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, yule mama kasema aliomba kuongezwa mshahara akaongezwa. Alimwambia nani? Alianza na neno gani? Walipomkatalia mara ya kwanza alifanya nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimeuliza. Tangu siku hiyo maswali yangu ni ya aina hiyo tu.

Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote ni cha karani wa hesabu aliyegundua kwamba mwenzake wa kiume, kazi ileile, anamzidi shilingi 300,000 kwa mwezi. Aliandika barua. Nilimwomba aisome hewani mwanzo hadi mwisho, pamoja na tarehe na jinsi alivyoorodhesha majukumu yake moja baada ya jingine. Ilichukua dakika nne. Hadi leo wanawake wananiomba nakala.

Katika kipindi hicho hicho nilisimulia habari za marehemu Sarah Ntiro, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada, Oxford, mwaka 1954. Aliporudi kufundisha shule ya wasichana ya Gayaza alitengewa mshahara mdogo kuliko wa wanaume, akaukataa, akasema atafundisha bure kuliko kupokea pungufu. Mgeni wangu hakuwa amewahi kuisikia. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe barua yangu ina bibi." Maneno hayo sikuyakata.

Soma sheria pia, dada. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na utaratibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kila mgeni akimaliza kusimulia, mimi natenga dakika tano kueleza sheria inasemaje juu ya jambo lake. Wanaosikiliza wengi wana mikataba ambayo hawajawahi kusomewa.

Sasa nikueleze lililoniumiza. Mwaka wangu wa pili nilimrekodi dada aliyekuwa akisumbuliwa na bosi wake, safari za kikazi zenye chumba kimoja, unaelewa. Nilimbadilisha jina, sauti nikaiacha kama ilivyo. Kampala ni ndogo. Haikupita siku mbili ofisi nzima ilishajua ni nani, na mkataba wake ulipokwisha hawakuuongeza. Nilikifuta kipindi, lakini faili ilikuwa imeshasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp, na huko hakuna pa kuirudisha. Nilikwenda kwao kumwomba radhi nikiwa na mama yangu. Alinisamehe. Kazi hakuirudia.

Tangu hapo hakuna kinachotoka kabla mgeni hajakisikiliza chote, na baada ya kusikiliza ana wiki nzima ya kusema hapana bila kunieleza sababu. Jambo likimgusa bosi, nayaandika maneno ya mgeni na kuyasoma kwa sauti yangu, nikibadilisha mji na aina ya kazi. Ridhaa anaisaini kwa lugha anayoielewa. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka ridhaa, lakini hata isingetaka ningefanya. Mwanamke akiamini kwamba hutamwuza, ndipo atakutajia kiasi na tarehe. Asipokuamini atakupa zile nasaha za jumla.

Vifaa visikusumbue. Simu nzuri, chumba chenye kabati la nguo na mablanketi, na usirekodi mvua ikipiga mabati. Hifadhi kipindi kwa mono (sauti ya mkondo mmoja), kilobiti 64 kwa sekunde: nusu saa inakuwa kama megabaiti 14, na sauti ya mazungumzo inasikika vizuri. Ukitumia 128 unamwongezea msikilizaji gharama mara mbili, na data yenyewe ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Usijenge kwenye Facebook, ilifungwa hapa Januari 2021. Wangu wengi wananipata kwa WhatsApp.

Uliuliza pia kama Kiswahili kina wasikilizaji Uganda. Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini wasikilizaji wangu walikuwepo kabla ya hapo: kwetu Bombo, Arua, masokoni, na akina mama wa Kongo na Kenya wanaofanya kazi Kampala. Ila ujue kwamba kwa mama wa Kiganda wa miaka sitini, Kiswahili kinaweza kuwa ni sauti ya askari aliyegonga mlango usiku enzi za Amin, maana ndiyo lugha ya jeshi. Mmoja aliniambia hivyo, mikono yake ikitetemeka. Sasa mgeni anaongea lugha inayomtoka moyoni, mimi natafsiri baadaye kwa utulivu. Usimlazimishe mtu.

Juu ya wadhamini sina mengi. Kampuni moja ilinipa fedha nzuri kwa sharti nisiguse unyanyasaji kazini, nikakataa.

Kwa hiyo anza na huyo dada yako muuguzi. Muulize saa za ziada zinalipwaje na nani anaziandika. Muulize watoto anamwachia nani, akitoka zamu anarudi na boda ya nani, na siku alipotaka kubadilishiwa zamu alimfuata nani, akamwambia nini. Mpelekee asikilize kabla hujakirusha.